Nyumbani Kwetu, Dakika Ishirini

Binti yangu hupiga simu Alhamisi jioni, na neno lake la kwanza si hujambo. Ni ukungu.

"Baba, ukungu huko umekaaje?"

Namwambia umekaa juu ya mlima, ndipo unapokaa siku zote.

"Si hivyo, Baba. Jumapili utatoka saa ngapi?"

Ungedhani ukungu ni karani wa ofisi za Wundanyi, una saa ya kuingia na saa ya kutoka. Na makarani wenyewe, mimi nimekaa kwenye viti vyao vya mbao vya kungojea, najua. Ukungu una nafuu.

Kazi yake ndiyo hiyo. Anaishi Mombasa na anawapeleka watu wa mjini kutembea milimani, kwenda na kurudi siku moja. Wanatoka huko kungali giza, wanakunywa chai Voi, wanapita Mwatate, wanapanda zile kona za Wundanyi, wanaingia msituni Ngangao, wanapanda Vuria, wanapiga picha, wanateremka, na usiku kila mtu yuko kwake chini ya feni anawasimulia majirani jinsi alivyotetemeka. Mtu wa Mombasa anaipenda baridi kwa sababu si yake. Anakuja na sweta aliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo moja, na nimeona zingine karatasi ya dukani bado inaning'inia mgongoni.

Mimi nimezaliwa hapa na sikujua kuwa nimezaliwa kwenye mandhari. Nilidhani ni mteremko. Nimebeba samadi kupanda huu mlima, nimebeba maji, nimembeba marehemu babangu kwenye machela kumshusha barabarani siku aliyoumwa na tumbo. Nikaenda nikakata makonge Mwatate miaka mingi mpaka mikono ikawa kama magome, na kila nikiinua kichwa naona milima kwa mbali, ya buluu, na nilichofikiria ni kwamba mwisho wa mwezi lazima niipande tena. Sasa kuna watu wanaamka alfajiri kuja kuitazama. Haya. Dunia ina mambo.

Basi mimi ndiye jicho lake huku juu. Ananiuliza kama mvua imekata barabara, kama njia ya msituni inateleza, kama kuna lori limekwama. Na nimemfunza mengi, hata kama shule niliiacha darasa la tatu. Ziara ya kwanza kabisa aliipanga kwa kuanzia kwenye mandhari. Nikamwambia, mama, ziara inapangwa kuanzia chooni. Mandhari yatangoja, tumbo la mtu halingoji. Akacheka, lakini siku hiyo mama mmoja mnene wa Mombasa alishuka kwenye gari katikati ya kona akaingia kwenye mahindi ya watu, na mwenye mahindi akatoka na mbwa. Tangu siku hiyo binti yangu anaanza na vyoo.

Na mbaazi. Alikuwa anawapa mahamri na mbaazi za nazi pale Voi, wanashiba, wanafurahi, wanaimba. Kufika kona ya tatu hakuna anayeimba. Nikamwambia mbaazi za nazi hazipandi mlima. Wape chai kavu na kipande cha tangawizi watafune, mahamri wakale juu. Hilo alilishika, na mpaka leo anawaambia wageni kwamba ni mpango wake.

Nimesema haya ili ijulikane kwamba ratiba yake naijua kama ninavyojua kitanda changu. Kila kitu kimo. Mahali pa kujisaidia, mahali pa kununua parachichi, mahali pa kusimama Kilimanjaro ionekane kama haijajificha. Kilichokuwa hakimo ni nyumbani kwetu.

Barabara inapita chini ya uwanja wetu. Chini tu hapo, ukirusha jiwe utavunja kioo cha gari. Walikuwa wanapita, na akifika hapo alikuwa akimwambia dereva apige honi mara mbili. Pii, pii. Hiyo ndiyo salamu yetu. Jioni wakishuka, pii, pii. Na mke wangu amekaa kwenye ukumbi wa nje, miguu imefura kwa sababu ya sukari, hawezi kushuka mpaka barabarani. Anaisikia ile honi. Anainua mkono, ingawa pale chini hakuna anayeuona.

"Lile linapita neno langu," husema.

Ni lazima nieleze neno hilo.

Binti yetu aliolewa upande wa Taveta, Mboghoni, kwa mtu wa migomba. Shamba zuri, la maji ya mfereji, ndizi mwaka mzima. Sisi watu wa juu tunaoangalia mawingu kama ombaomba tuliona mtoto amepata. Siku moja akaonekana anapanda kwa miguu kutoka barabarani na begi. Akasema hawezi tena. Hakusema zaidi, na sisi hatukuuliza, kwa sababu mamake alitangulia kusema. Alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinuka. Akasema: "Kama huwezi kukaa kwako, basi zunguka. Zunguka, usikae popote."

Binti alisimama kidogo. Kisha akageuka na begi lake akashuka. Hata maji hakunywa.

Akaenda Mombasa. Amehama nyumba huko mpaka nimepoteza hesabu. Mume mwingine hakumpata, mtoto hakumpata. Na kazi aliyoipata, kati ya kazi zote za dunia, ni ya kuzunguka. Anaondoka asubuhi, anarudi usiku, kesho anaondoka tena. Mke wangu alipoambiwa mara ya kwanza kazi hiyo ni ya namna gani, aliweka kikombe chini na chai hakuigusa tena.

Huku Taita hasira ya mzazi haichezewi. Mzazi anaweza kusamehe kwa mdomo, akasema yameisha, na hasira ikabaki tumboni ikimfuata mtoto huko aliko bila mzazi mwenyewe kuituma. Inatembea peke yake, kama mbuzi aliyekata kamba. Ndiyo maana wazee waliweka kutasa. Kutasa ni hivi: unachukua funda la kinywaji, unalipuliza nje mvuke mvuke, halafu unataja kilichokuudhi, unasema kimetoka, unamtakia mwenzako heri. Zamani ilikuwa pombe ya muwa. Sisi ni watu wa kanisa, tunatumia maji ya muwa ya siku hiyo hiyo, kabla hayajachacha. Na yule mtu awe amekaa mbele yako.

Mchungaji alimwambia mke wangu sala inatosha. Mke wangu akamjibu kwa adabu, "Mungu amenisamehe, mchungaji. Tumbo langu ndilo halijasikia."

Mimi nikamwambia, kwani usimpigie simu umalizane naye?

"Nitapulizia simu?" akaniuliza. "Na ikiharibika nani atatengeneza, wewe?"

Basi nikaona shida si kubwa. Binti yangu haendi mahali asipopapanga. Kilicho kwenye ratiba anakifikia hata kwa mvua. Dawa ni kuiweka nyumba yetu kwenye ratiba. Siku aliyopiga kuuliza ukungu nikamwambia:

"Kuna mahali pazuri umeacha."

"Wapi?"

"Nyumbani kwetu. Ukisimama pale kwenye migomba unaona mbuga yote mpaka Voi, na kilima cha Sagalla kile pale. Choo kipo, nimekichimba upya. Mlango wake unafunga."

Akacheka. "Baba umekuwa mfanyabiashara."

"Mamako ana neno na wewe."

"Neno gani?"

"La kutasa."

Nilisikia magari ya Mombasa nyuma yake, na mtu anauza kitu kwa sauti. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimeisikia tangu akiwa msichana, "Sawa, Baba." Halafu sauti ikarudi ya kazi: "Dakika ishirini. Zaidi ya hapo nitakosa Vuria."

Nasema hapa ili msomaji asije akamtetea: alijua anaitiwa nini.

Nilikwenda bondeni nikakata muwa mwekundu, ule mgumu. Nikaumenya, nikauponda kwenye kinu, nikaukamua kwa kitambaa. Mke wangu aliosha kata ya kibuyu ya mamake, akainusa, akaiosha tena. Alivaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe. Akaniamuru niweke vigoda viwili ukumbini, kimoja chake na kimoja kikitazamana nacho. Nikaviweka. Akasema viko mbali. Nikavisogeza. Akasema sasa magoti yatagongana. Nilikuwa nataka kukasirika, lakini nikaona midomo yake inatembea, anajaribu maneno, nikavisogeza tena.

Walichelewa. Lori la mawe lilikuwa limekwama kwenye kona, hilo nakubali, hakuna anayeweza kupanga lori. Walipofika ukungu ulikuwa bado umelala kwenye migomba. Wakashuka wote, wengi, wakijinyoosha, wakipuliza moshi midomoni na kuchekana. Kulikuwa na dada wa sweta ya waridi. Kulikuwa na kijana wa simu kubwa, ameishika kwenye kijiti. Na kulikuwa na mama mmoja mtu mzima wa buibui, Mswahili hasa, ndiye peke yake aliyepanda polepole mpaka ukumbini akasema, "Shikamoo bi mkubwa, shikamoo mzee. Tumekuja kukusumbueni."

Binti yangu akapiga makofi. "Jamani, karibuni nyumbani! Hapa ndipo nilipozaliwa mimi!"

Kisha akaja kwa mamake. Akainama kumkumbatia, ananukia vizuri, ananukia mjini. Mamake akamshika kifundo cha mkono.

"Kaa."

Akakaa kwenye kigoda. Nikasema moyoni, sasa.

Nikawaita wageni. "Njooni huku mwone mbuga! Njooni mwone Voi!" Nikawavuta mpaka kwenye migomba, na hakukuwa na Voi yoyote ya kuona, ni ukungu mtupu, mweupe kama maziwa. Nikawaonyesha hayo hayo. "Huko chini kuna tembo," nikawaambia. "Wengi. Msimu wa kiangazi wanapita mpaka mashambani wanakula mahindi ya watu, na ukilalamika unaambiwa tembo ni mali ya taifa." Wengine walisikiliza. Lakini yule kijana wa simu alikuwa ameshageuka.

"Pale kuna nini kinaendelea?"

Mtu angeweza kusema, hakuna kitu, ni mtu na mamake. Ningesema mimi, kama ningewahi. Binti yangu mwenyewe, akiwa amekaa pale kwenye kigoda, aligeuza kichwa, akajibu kwa ile sauti ya kazi:

"Hii ni mila yetu, inaitwa kutasa. Mama ananibariki. Njooni, njooni mwone."

Migomba ikabaki na mimi peke yangu.

Walipozunguka, mke wangu alikuwa ameshachukua funda. Alikuwa amefumba macho, hakuwaona, au aliwaona akaamua. Akapuliza. Nimewahi kuona wazee wakubwa wakitasa, wengine hutema kama wanaotema ugoro. Yeye alipuliza mvuke mwembamba kama pumzi ya asubuhi, ukatua kwenye uso wa mtoto wake, kwenye kope. Nikaona kidevu cha binti yangu kinatikisika. Mimi sikosei, namjua tangu akinyonya. Kilitikisika.

Mke wangu akafungua macho. "Nilisema neno," akaanza, "siku ile nikichambua maharagwe..."

"Aki pole," akasema yule kijana. "Haijashika. Simu ilikuwa imegeukia kwangu. Anaweza kurudia?"

Watu wakacheka. Hawakucheka vibaya. Mmoja akamwambia, "Wewe na hiyo simu yako, umejipiga pua safari nzima." Wakacheka zaidi. Binti yangu akajifuta uso kwa kiganja. Akamtazama kijana, akawatazama wageni wake waliokuja tangu giza, akamtazama mamake. Akasema:

"Mao, rudia kidogo. Wametoka mbali."

Mao ndivyo tunavyomwita mama kwa lugha yetu. Alikuwa hajamwita hivyo tangu siku ile ya begi. Na alipolitoa neno hilo alilitoa kwa ajili ya simu ya mtu.

Kutasa hakurudiwi. Mtoto wa huku anajua hata kabla hajaota meno. Kilichotoka kimetoka, ukipuliza tena unakiita kirudi ndani. Na hapa pumzi ilikuwa imetoka bila maneno yake, imekatwa katikati. Wageni hawakujua, sina ugomvi nao, mgeni ni kama kipofu. Yeye alijua.

Mke wangu alimtazama. Sijui alimtazama muda gani. Kisha akainua kata, akachukua funda jingine. Simu zikainuliwa juu, hata yule dada wa waridi akaacha kutafuna. Mashavu ya mke wangu yalijaa. Nami nikawaza, kweli atafanya? Kwa ajili ya mtoto atafanya?

Nikaona koo lake linapanda, linashuka.

Alimeza.

Akampa kijana ile kata. "Kunywa, mwanangu. Ni tamu. Mmetoka mbali."

Wakapokezana. Wakasema tamu kweli, wakasema ya asili hii, haina dawa. Kata ya mama mkwe wangu ilizunguka midomo ya Mombasa nzima. Binti yangu aliinuka akabaki amesimama mbele ya mamake, mikono haijui iende wapi. Nadhani alitaka kusema kitu. Lakini akaangalia saa, na alipoiangalia yakaisha.

"Jamani, Vuria! Vuria haitungoji!"

Wakashuka mbio, wanateleza wanashikana, vicheko mpaka barabarani. Yule mama wa buibui alibaki nyuma. Akamshika mke wangu mkono kwa mikono yake miwili.

"Tuwie radhi, bi mkubwa."

"Hujakosa kitu, mwanangu," mke wangu akamwambia.

"Nimeona," akasema yule mama, na akashuka polepole, akishikilia migomba.

Mtu wa mbali aliona, na mtu wa tumboni hakuona. Wakati mwingine nikifika hapo nataka kutukana, na mimi ni mzee wa kanisa.

Jua lilipogeuka mke wangu alikuwa bado kwenye kigoda. Nilimletea uji, akaushika tu. Kisha akasema, "Sasa ziko mbili."

"Mbili nini?"

"Hasira. Ile ya zamani na hii."

Jioni wakapita wakishuka. Pii, pii. Hakuinua mkono.

Ingeishia hapo ningesema ni siku moja mbaya, watu hupata siku mbaya. Lakini Alhamisi iliyofuata simu ikalia, na baada ya ukungu binti yangu akasema wageni wamependa nyumbani kwetu kuliko hata Vuria. Vuria ilikuwa ukungu mtupu, hawakuona Kilimanjaro wala kivuli chake. Waliorudi wamewaambia wenzao. Sasa wanaitaka ile ya bibi.

"Mama atakubali tena?"

Nikamwambia amuulize mwenyewe. Nikapeleka simu ukumbini. Mke wangu akasikiliza, akasema, "Mimi miguu inauma," akanirudishia.

Unadhani aliacha? Alitafuta mwingine. Kuna jirani yetu hapo juu, mama mcheshi, mnene, anacheka hata akifiwa na kuku. Huyo ndiye anayetasa siku hizi. Jumapili anashuka amevaa lesso mbili, anakaa kwenye kigoda cha mke wangu, anapuliza maji ya mfereji kwenye nyuso za watu wa Mombasa mmoja mmoja, na simu ikikosea anarudia, mara mbili, mara tatu, mpaka wote wameshika. Anatoa hasira gani? Hana hasira na mtu, ni mtu mzuri. Nilimuuliza huwa anasema nini, kwa maana wageni hawaelewi lugha. Akaniambia, "Mzee, nataja tu mboga nilizopanda."

Mke wangu wakati huo yuko ndani na mlango umerudishwa. Anasikia vicheko. Binti yangu huchungulia, hilo simnyimi. Anaweka kichwa mlangoni.

"Mao hujambo? Miguu je?"

"Sijambo."

"Nitakuja siku moja nikae."

"Haya."

Na kichwa kinatoka.

Lakini kila Jumamosi mke wangu ananituma muwa. Kila Jumamosi. Jumapili asubuhi nakamua kikombe kimoja, anakifunika kwa sahani, anakiweka kando ya kitanda kwenye kigoda kile kingine, kile cha pili, ambacho hamruhusu jirani kukitumia. Kikombe kinangoja. Wageni wanakuja, kichwa kinachungulia, honi inalia. Jumapili jioni mimi ndiye ninayekimwaga nyuma ya nyumba, kwa sababu kikilala kinakuwa pombe. Siafu wa hapo nyuma wamenona.

Alhamisi hii amepiga.

"Baba, ukungu umekaaje?"

Sijui nini kilinipanda. "Uulize mwenyewe," nikamwambia. "Mimi kazi ya kuchunga mlima nimeacha."

"Baba! Umekasirika?"

"Nikikasirika nitamwita jirani anipulizie."

Nikaona nimepata nafasi, nikaingia. "Weka lisaa limoja kwenye hiyo ratiba yako. Lisaa limoja bila watu. Wapeleke Ngangao na dereva, wewe ubaki hapa na mamako."

"Kwenye ziara ya siku moja, Baba? Lisaa limoja ni Vuria nzima hiyo."

"Basi njoo siku isiyo na ziara."

"Sina siku isiyo na ziara."

Alilisema haraka, kama mtu anayejibu bei. Nadhani alisikia mwenyewe alichokisema. Nikakata simu.

Mke wangu kumbe alikuwa amesikia. "Amesemaje?"

Nikamwambia.

"Sina siku isiyo na ziara," akarudia polepole. Akatikisa kichwa. "Wewe unadhani huyo ni yeye anasema? Hilo ni neno langu linasema. Amelibeba mpaka limekuwa mdomo wake."

"Ana mdomo wake mwenyewe," nikasema. "Ni mkubwa, anajua njia. Mimi nimechoka kumtetea."

"Sikukuambia umtetee. Mpigie."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie Jumapili ukungu utatoka mapema. Kutakuwa na jua."

"Nani amekuambia kutakuwa na jua?"

"Mzee, mpigie. Akiogopa ukungu hatapita kabisa."

Nikapiga. Nikamwambia ukungu utatoka mapema, Kilimanjaro itaonekana mpaka mabonde yake. Akasema asante Baba, na nikasikia anaandika.

"Na huo muwa," mke wangu akasema nilipoweka simu, "usikate wa juu, wa juu umekuwa maji tu. Kata wa kule chini kwa mto."

Kule chini ni mbali na magoti yangu siyo yale. Jumamosi nikachukua panga nikaenda. Kwenye njia nikasimama kupumua, nikageuka kuitazama Vuria. Haikuonekana. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mashamba ya watu, na mtu aliyezaliwa hapa akiuona umekaa hivyo anajua kwamba wiki hii hautoki.